Shikamoo ya Nyuma ya Kioo

Juzi, kwenye gereji moja hapa Shinyanga, nilimkuta jamaa mmoja anang'olewa vioo vya umeme kwenye gari lake kuukuu, arudishiwe hendeli za kuzungusha.

"Vimeniaibisha kule ukweni Kagongwa," alimwambia fundi. "Nimesimama mbele ya mama mkwe, kioo kikagoma kushuka. Nikasema shikamoo, akaona midomo tu inacheza. Sasa anasema nina maringo!"

Hendeli zilipofungwa, akaingia garini, akazungusha, kioo kikashuka chote. "Sasa atanisikia!"

Fundi akafuta mikono. "Kwani bosi, siku ile mlango nao uligoma?"

Jamaa akashika hendeli. Alizungusha tena, taratibu, mpaka kioo kikamfunika.

Nilicheka sana, mpaka nikakumbuka kwamba mimi baba mkwe wangu huwa namsalimia kwa honi.