Mkasi Wenye Kitambaa cha Njano

Dada yangu ni mkataji. Katika kiwanda chetu cha sare washonaji tumejaa tele, lakini wakataji ni wa kuhesabika, na kila mmoja ana mkasi wake, mpini umefungwa kitambaa cha rangi yake. Wa dada ni wa njano. Mkasi wa mtu hauguswi hata akiwa likizo.

Mwaka jana aliugua sonona. Hakufanya fujo wala hakutembea akiongea peke yake, kama watu walivyopenda kusimulia. Alilala tu amegeukia ukutani, chai ikimpoa mezani. Alilazwa, akatibiwa, akapata nafuu hata akaanza kunicheka ninavyoimba vibaya. Daktari akaandika kwamba anaweza kurudi kwenye kazi yake.

Siku aliyorudi, mkasi haukuwepo. Msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Usalama kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni, alikuwa ameufungia kabatini. Akampeleka dada kuchambua vifungo.

“Ni kwa usalama wako, dada yangu,” alimwambia, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. “Na wetu pia.”

Nikafungua mdomo nimjibu. Dada akanikonyeza ninyamaze, akaketi kwenye vifungo. Alivumilia mpaka alipokatazwa hata kupita karibu na meza ya pasi. Hapo akaenda kushtaki kwenye baraza la kazi.

Jamani, tulipigwa danadana. Mara faili halionekani, mara mwenyekiti ana udhuru, mara njooni wiki ijayo. Tulikalia yale mabenchi mpaka tukajua lipi linayumba. Kesi iliposikilizwa hatimaye, mwenyekiti alimuuliza Bwana Usalama kama dada aliwahi kumdhuru mtu. Hajawahi. Kama daktari alimkataza kushika mkasi. Hakumkataza. Sasa alimwondoa kwa nini? Akajiumauma, akasema watu wanaogopa. Mwenyekiti akamwambia kwamba woga wa watu si sababu ya kumnyang'anya mtu kazi yake, akaamuru dada arudishwe kwenye meza ya kukatia, na mkasi wake apewe.

Tulipotoka nje, mimi nililia kwa furaha pale pale barabarani. Dada alisema amechoka, twende nyumbani.

Jumatatu mkasi ulikuwa mezani, na kitambaa chake cha njano. Dada akatandaza jora, akaanza kukata mgongo wa shati, na makali yakapita vizuri. Alipofika begani, mahali ambapo mkataji hupasua kidogo kwa ncha ili sisi washonaji tujue mkono unaungwa wapi, akasimama. Akaunyanyua mkasi kwenye taa, akaugeuza huku na huku.

Walikuwa wameisaga ncha. Ilikuwa butu kama kidole gumba.

Bwana Usalama alikuwa mlangoni, anatazama saa yake. Wengine walijifanya wanatia uzi. Dada alikuja taratibu hadi kwenye cherehani yangu, akauweka mkasi juu ya shati nililokuwa nashona. Hakuwa hata na hasira.

“Mdogo wangu,” akasema, “na hii nayo nikaishtaki wapi?”