Unga Hauulizi Mwezi

Tajiri wetu alikuwa na miwani ya bei, cheti kikubwa ukutani, na imani kwamba mwanamke aliye mwezini akitia mkono kwenye unga, mkate hauumuki. Imani hiyo aliirithi kwa baba yake pamoja na bekari yenyewe, na kama warithi wengi, aliutunza upuuzi vizuri kuliko mashine.

Sheria ilikuwa moja: ukiwa sikuni, hukandi. Unaondoka mezani, unakwenda stoo kupanga mifuko ya mikate mpaka upone. Ndivyo alivyosema, "upone", kana kwamba ni mafua. Neno hedhi halikupata kumtoka mdomoni. Alisema "ile hali" huku akitazama dari, na sisi tulikuwa tukimtazama yeye tukajiuliza alizaliwa na nani.

Aliyenifundisha kazi pale ni mwanamke tuliyemwita Mama Hamira, maana hamira aliikadiria kwa kiganja na hakukosea. Aliingia bekari akiwa na miaka kumi na tisa, enzi za baba yake Tajiri. Nilipomkuta alikuwa na hamsini na minane, wajukuu, mdomo mkali kama kisu kipya, na goti moja lililovimba likagoma kushuka. Na kila mwezi, bila kukosa, alijifuta unga mikononi akatangaza kwa sauti: "Tajiri, nimeingia sikuni!"

"Sawa, sawa, Mama. Nenda," alijibu Tajiri, tayari kashageuza shingo.

Mama Hamira akaenda stoo siku nne, akakaa juu ya magunia, akanyoosha goti lake. Hamsini na minane! Mtoto wa shule angeshtuka. Lakini Tajiri, aliyejua kila kipuri cha tanuri kwa jina, kuhusu mwili wa mwanamke alikuwa hajui kulia wala kushoto.

Kisha akaja binti mpya. Msichana mpole, mchapakazi, ila siku zake zilikuwa hazina mpangilio, zikija zinamkunja tumbo mpaka anashika ukuta. Mwezi mmoja zikaja mara mbili. Mara ya pili Tajiri akamsimamisha mbele yetu sote, asubuhi, mikono yetu ikiwa ndani ya unga.

"Mara mbili mwezi mmoja? Unanifanya mimi mtoto?"

Binti akainamisha kichwa.

"Nataka uthibitisho. Mama Hamira, mpeleke chooni ukamkague, uniletee jibu."

Mama Hamira hakuacha kukanda. "Nikamkague?"

"Wewe ni mtu mzima. Mambo yenu unayajua."

"Mtu mzima kweli. Mzima hata damu sijaiona mwaka wa saba huu."

Tajiri akatabasamu kidogo, kama mtu aliyetegewa kitendawili. "Lakini... wiki iliyopita si ulikwenda stoo?"

"Kupumzisha goti."

Hapo ndipo alipoiacha meza. "Nikueleze jingine. Baba yako alikuwa akijua uko sikuni, anakutoa nje ukapasue kuni. Kuni, na tumbo linakatika! Basi mimi sikusema hata siku moja. Miaka yote ile nimekanda nikiwa mwezini. Mikate ya harusi yako nani aliikanda? Mimi, siku ya pili, damu inatoka kama bomba lililopasuka. Ukala wewe, akala mkeo, baba yako akaongeza. Unga uliumuka, mwanangu. Leo umeumbuka wewe."

Tajiri akatoa leso akajifuta mdomo. Miaka ishirini imepita tangu harusi, anajifuta mdomo! Nilicheka, sifichi. Nusura nimhurumie, lakini huruma nayo ina heshima zake.

Akaingia ofisini, akafunga mlango. Mchana karani akabandika tangazo: kuanzia leo wote mtakuwa mezani, stoo imefungwa "kwa sababu za uzalishaji". Kukiri kosa kungemuua, kwa hiyo akaona bora atukomoe.

Tukashangilia nusu saa. Kisha binti mpya akaanza kukanda huku machozi yanadondoka, na hapakuwa na mahali pa kumpeleka. Wenzetu wawili wakanong'ona kwamba Mama Hamira na mdomo wake wametuponza. Aliwasikia. Kwa mara ya kwanza nilimwona amenywea.

Kesho yake akamshika binti mkono, wakagonga ofisini. Tajiri hakuwafungulia. Alimpigia simu mkewe aje "kuzungumza na wanawake wenzake". Mwanaume wa makamo, mwenye bekari, amejificha nyuma ya mlango.

Mke akaja, mama mtulivu mwenye mkoba mkubwa. Alisikiliza yote, habari ya chooni ikamkunja uso. Akaenda mwenyewe kuchukua ufunguo, akafungua stoo, akaagiza benchi.

"Anayeumwa atakaa hapa," alisema. "Iwe tumbo, iwe goti. Na asiulizwe." Kisha akampeleka binti zahanati kwa gari lake; walimkuta na uvimbe, akatibiwa, akarudi mezani baada ya miezi miwili akiwa na nuru usoni.

Siku ile ile ya kufungua stoo, kabla ya kuondoka, mke wa Tajiri alimvuta Mama Hamira pembeni, nami nilikuwa karibu.

"Dada, nakuomba. Akirudi kukuuliza haya mambo, usimfundishe zaidi."

"Kwa nini, shemeji?"

"Nyumbani nako nikiwa sikuni sigusi chungu. Anapika yeye, siku nne." Akashusha sauti. "Na mimi mwaka wa pili huu sijaona kitu."

Wakashikana mikono kama watu wa ukoo mmoja, na ofisini tukamsikia Tajiri akikohoa ili tujue kwamba yupo.