Milioni Moja na Moja

Ipo siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nikapangiwa kufundisha hesabu darasa la saba huko Chimala. Elimu yangu ilikuwa kidogo na majivuno mengi. Na debe tupu, wajua, haliachi kuvuma.

Tulikuwa kwenye namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Nikataka kuwashangaza watoto kwa namba kubwa, nikaandika ubaoni 1,000,001. Nyumbani nilikuwa nimeijaribu kwa mbili, kwa tatu, hadi kumi na tisa; nikachoka, nikaacha. Nikasema, "Hii ni namba tasa."

Atupele akanyoosha mkono. Alikuwa binti wa wakulima wa mpunga, mpole, mwandiko wake mdogomdogo.

"Samahani mwalimu, inagawanyika kwa mia moja na moja. Haibaki kitu."

Ningegeukia ubao nikagawanya, yangekwisha kwa dakika mbili. Mimi nikamwuliza, "Aliyesoma chuo ni wewe au mimi?" Wenzake wakacheka. Nikamtoa nje mpaka kipindi kiishe.

Mwalimu mkuu, mzee wa Kihehe asiye na maneno mengi, akamkuta pale nje, akaliomba daftari lake. Mchana akaniita ofisini, akaliweka mbele yangu. 101 mara 9,901.

"Gawanya mwenyewe," akasema.

Nikagawanya mara tatu. Baki sifuri.

"Mtoto sijamwambia kitu. Neno hilo ni lako. Ulimwaibisha mbele ya wenzake, kamwombe radhi mbele ya wenzake. Kesho."

Nikaitikia. Kesho yake nikaanza mada nyingine. Nikajiambia, wiki ijayo. Wiki zikawa muhula, na Atupele hakunyoosha mkono tena. Siku ya mtihani wa mwisho karatasi ya hesabu aliirudisha nusu nzima tupu. Sekondari hakuchaguliwa.

Nimestaafu sasa, naishi hapa Soweto, Mbeya. Mwaka jana nilikwenda Chimala, nikamkuta sokoni akiuza mchele, mama mtu mzima. Akanipa kigoda. Nikamwambia yote: daftari, mwalimu mkuu, woga wangu. Akasikiliza huku akipepeta.

"Mwalimu, hayo yamepita," akasema. Kisha ungo ukasimama mikononi. "Kumbe nilipata? Miaka yote hii nilijua nilikosea."

"Ulipata, Atupele," nikamwambia.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu kazeeka pamoja nami. Basi sikia. Mdogo wako akikusahihisha, shika kalamu kabla hujashika hasira. Ukimkosea mtu hadharani, rudi hadharani, na urudi upesi, maana radhi iliyochelewa humtua mzigo aliyekosa, aliyekosewa humrudishia kidogo sana.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema "nimekosa", na akujalie watoto wasioogopa kukunyooshea mkono. Nenda na baraka zangu.