Chai ya Ebla

Tangu Guleid, mume wa Ebla, afe kwa ugonjwa wa sukari, wifi yake Asho hakuchoka kusema: "Ebla, chai yako tamu ndiyo iliyomuua kaka yangu." Ebla aliibeba lawama hiyo, kwa kuwa ya chai ilikuwa yake peke yake; lakini ikisemwa ugonjwa ni wa ukoo, nani angemposa binti yake Istar?

Mwaka 1984 daktari mtafiti kutoka Nairobi alikuja Isiolo kuzipima familia zenye ugonjwa wa sukari.

"Mama," alimwambia Ebla faraghani, "ninyi mlioingia hapa kwa ndoa mmekula chungu kimoja na ukoo wa mumeo miaka mingi, na mu wazima. Ndugu zake mumeo wa damu wanaugua, hata waliohamia mbali Sericho, wasioinywa chai yako. Sukari huchochea, lakini inaonekana kuna kitu wanachorithi."

"Na Istar?"

"Apimwe kila mwaka, apunguze sukari. Anaweza kujikinga."

Ebla aliketi jikoni, amechoka kuliko siku ya matanga. Posa ya Istar ilikuwa imeletwa wiki hiyo hiyo.

Asho akachungulia mlangoni. "Haya, daktari amesemaje? Si ni chai?"

"Ni chai, wifi," Ebla akajibu, akimmiminia Istar, aliyeketi kando yake, kikombe kisicho na sukari.