Tausi Anayepigana na Magari

Saa nne asubuhi, na Mama Tausi, mlezi wa tausi wa hoteli, anakimbia. Mkononi ana shuka kuukuu lililostaafu vyumbani. Kandambili moja imebaki kwenye nyasi. Mbele yake tausi dume anaelekea maegesho ya hoteli, shingo ya buluu imenyooka, mkia wenye madoa kama macho unaburuta vumbi.

"Dereva! Funika mlango!"

Dereva wa gari la maharusi amelisugua hadi linang'aa, na hataki shuka la mtu. Tausi anajiona kwenye mlango mweusi, anadhani ni dume mwenzake, anaruka miguu mbele. Mama Tausi anajitupa katikati. Ukucha unamchana mkono badala ya kuchana rangi ya gari.

"Si mkorofi huyu, ana wivu tu," anamwambia mwandishi aliyekuja kumhoji, akijifunga leso kwenye jeraha. "Msimu wa kupandana, hata akijiona kwenye sufuria anataka ngumi."

Kila siku huwapa ndege wake mahindi na mboga za majani, kisha huwaacha wajitafutie panzi na mijusi. Kazi si hiyo. Kazi ni magari. Meneja ameshatoa kauli: likichubuka gari jingine, tausi wote wanauzwa.

Mumewe, mtunza bustani wa hapohapo, hulalamika kwa utani: "Mimi nikiumia, hakimbii hivyo."

Msimu ukiisha, dume hupukutisha mkia na hasira humtoka. Ungedhani ni habari njema. Mama Tausi anacheka kicheko kisicho na raha, maana wageni hulipa wapigwe picha na mkia huohuo.

"Akiwa nao, mkorofi. Akiwa hana, meneja atauliza huyu kuku wa nini. Sasa niombe lipi, mwanangu?"

Hajamaliza kusema, ameshainuka kuchungulia lango. Anarudi, anakaa, anainuka tena. Kumhoji mwanamke huyu ni kazi ya miguu.

Hatimaye anamvuta mwandishi hadi kwenye kichaka nyuma ya chumba cha kufulia. Jike, mwenye rangi ya udongo, amejilaza kimya. Ukipita haraka humwoni. Ameatamia mayai, na yamekaribia kuanguliwa.

"Meneja hajui," ananong'ona. "Siku wanunuzi wakija, nitamwekea kifaranga kiganjani, bado kina unyevu. Halafu aniambie kwa mdomo wake kwamba anauza."