Gitaa la Besi na Mlango wa Kabati

Katika bendi ya muziki wa dansi watu humtazama mwimbaji na kumshangilia mpiga solo. Hata mpiga tarumbeta akitoka jasho hatakosa wa kumpa leso. Mpiga besi hatazamwi na mtu. Yeye ni chumvi ya mboga: ikiwepo haitajwi, ikikosekana kila mtu anauliza kulikoni. Mpiga besi wa habari hii wenzake walimwita Nguzo, kwa sababu alisimama palepale pembeni mwa jukwaa usiku kucha, na bendi nzima ikamwegemea. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Ukimpa salamu ndefu, alikurudishia fupi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na mdomo wake uliwatosha wote wawili. Waliomjua walishangaa amempendea nini bubu yule. Alimpendea gitaa. Spika kubwa ilikuwa mali ya bendi na haikutoka ukumbini, basi Nguzo alipofanya mazoezi nyumbani aliketi kitandani, akaegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la nguo. Mbao zilipokea sauti na kabati zima likanguruma taratibu. Binti yao wa miaka mitatu aligundua uhondo huo kabla ya mama yake. Aliingia ndani ya kabati, sehemu ya chini, juu ya shuka zilizokunjwa, akabandika mgongo kwenye mbao, na hata dakika kumi hazipiti keshasinzia. Baba yake alimpigia kipande kimoja tu: sauti tatu za kushuka, moja ya kupanda, kisha kimya kidogo kabla ya kurudia. Mama naye, kule kwenye cherehani, alijikuta anakanyaga kwa mwendo huohuo.

Asubuhi ambayo bendi ilikwenda kurekodi, mtoto aliamka na homa.

"Nisipokwenda watamweka mtu mwingine," Nguzo alisema. Gitaa alikuwa nalo mgongoni, lakini miguu haikutoka mlangoni.

"Nenda, baba. Homa za watoto tunazijua. Utaisimamia hapo ndiyo ipoe?"

"Saa sita nitakuwa nimerudi."

Saa sita hakurudi. Saa nane mama alikuwa kwenye benchi la hospitali, mtoto mapajani. Saa tisa hakuwa na mtoto. Nguzo alifika jua linatua, akakuta viatu vya majirani vimejaa mlangoni.

"Studio," alisema. "Mitambo ilikorofisha. Tulirudia na kurudia."

Basi, hakuongeza. Hata hivyo mkewe alimwamini, na hilo tulikumbuke, maana baadaye atalaumiwa sana, kwanza na yeye mwenyewe. Miezi mitatu walilia pamoja, bega kwa bega. Kisha kaseti ikatoka.

Nguzo aliiweka juu ya meza ya cherehani. Kipande cha kwanza kilikuwa cha ala tupu, kwa sababu siku ile mwimbaji alipatwa na mafua na sauti ikamkauka.

"Hiki ndicho cha siku ile," alisema. "Sikiliza." Halafu akatoka nje, kama mtoto aliyepeleka daftari kwa mwalimu.

Mkewe aliiingiza kwenye redio yake ndogo, ile iliyokaa karibu na cherehani na kumwimbia kutwa. Solo ikalia, tarumbeta ikajibu, ngoma zikapokea. Mdogo wake alikuwepo, akimsaidia kushona vifungo.

"Dada, mbona shemeji simsikii?"

Aliuliza bila ubaya wowote, macho yakiwa kwenye kifungo. Wakarudisha nyuma wakasikiliza tena. Mdogo wake alipoondoka, dada mtu aliirudia peke yake mara ya tatu, mara ya kumi, sikio limegusa redio. Wengine wote walikuwepo, mmoja mmoja angeweza kuwaita. Besi haikuwepo. Na yeye aliijua besi ya mumewe, hakuhitaji kuambiwa na mtu. Kwa hiyo siku mtoto wao anakufa, Nguzo alikuwa kwingine, na kwingine kwa mwanamume kila mke anakujua.

Kuuliza si ujinga, lakini mwanamke yule mwenye mdomo wa watu wawili hakuuliza. Aliogopa kudanganywa mara ya pili, na zaidi aliogopa kuambiwa ukweli.

"Ulisikiliza?" Nguzo alimuuliza jioni.

"Nilisikiliza."

"Ukasikia?"

"Nimesikia."

Nguzo alisubiri, kama anayejua kwamba kuna neno linafuata. Halikufuata. Akatikisa kichwa taratibu, akaenda kunawa, na tangu siku hiyo hakuitaja kaseti tena.

Ikapita miaka kumi na moja. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa, mashati yalipigwa pasi, na hakuna shahidi ambaye angemkuta mke yule na kosa. Ila hata mwaka wa kwanza haujaisha, alisukuma cherehani mpaka kwenye kabati, akasema pale kuna mwanga mzuri. Pale hapakuwa na mwanga wowote wa maana. Mlango wa kabati ukazibwa, nguo zikatundikwa kwenye misumari, na Nguzo akawa anafanyia mazoezi yake ukumbini. Wala hakulalamika. Usiku walilala wamepeana migongo, na mtoto mwingine hakuja.

Nguzo alianguka mazoezini saa tano asubuhi, moyo. Wenzake walimletea mjane gitaa likiwa ndani ya mfuko wake. Mazishini hakulia. Watu wakasema maskini, ni mshtuko. Haukuwa mshtuko, ilikuwa hasira ambayo mwenye kujibu mashtaka yake amekwisha kukimbia.

Mwezi mmoja baadaye aliitafuta ile kaseti akaiweka kwenye redio. Alitaka nini, mwenyewe hakujua. Redio ikaumeza utepe, na alipouona unaning'inia akashikwa na hofu asiyoitegemea. Akachukua redio na kaseti yake vilevile, mbio hadi kwa fundi redio wa mwisho wa mtaa.

Fundi alikuwa mzee mcheshi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliutoa utepe polepole, akauviringisha kwa kalamu.

"Ngoja tuone kama mgonjwa amepona," akasema. Akaichomeka kaseti kwenye mashine yake mwenyewe, yenye spika mbili zinazomfika kiunoni.

Solo ikalia. Tarumbeta ikajibu. Na chini yake kitu kikaanza kutembea. Kilipita kwenye sakafu, kikapanda kwenye benchi, kikamwingia mgongoni kabla hajakisikia masikioni. Sauti tatu za kushuka, moja ya kupanda. Kimya kidogo. Tatu za kushuka.

"Nani huyo?"

"Nani yupi?"

"Huyo wa besi!"

"Mimi nitamjuaje, mama? Kaseti si yako?"

"Yangu haina besi."

Mzee akacheka. Akaigonga ile redio ndogo kwa bisibisi. "Mama yangu, spika ya hii ni kama kisahani cha chai. Besi haipiti humu. Hata angepiga tembo, usingemsikia." Akatega sikio. "Tena huyu alikuwa na lake moyoni. Wenzake wanachezesha watu, yeye anabembeleza mtoto."

Alikuwepo. Kutwa nzima, mitambo ikikorofisha, alirudia na kurudia kumlaza binti yake aliyemwacha na homa. Kisha akaja na kaseti nyumbani, mtu asiye na maneno, akamwekea mkewe mezani yote aliyokuwa nayo. Akamuuliza kama amesikia, akajibiwa amesikia. Miaka kumi na moja alikula chakula kilichofunikwa akiamini kwamba mkewe aliusikia moyo wake wote na hakuutaka. Wanasema majuto ni mjukuu. Mwanamke huyu hakubaki hata na mtoto, lakini mjukuu huyo alimpata.

Fundi aligeuka, akamwona uso, kicheko kikamwisha.

"Mama, kuna msiba?"

"Mume wangu," alisema. "Amefariki." Na pale kwenye benchi la fundi redio, katikati ya waya na redio za watu, akalia kilio alichoshindwa kukilia kaburini. Mzee hakujua la kufanya. Kipande kilipokwisha alikirudisha nyuma, akakipiga tena.

Alipofika nyumbani aliisukuma cherehani mpaka ukuta wa pili, peke yake. Akalitoa gitaa kwenye mfuko, akaketi kitandani upande wa mumewe, akaegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati. Kupiga hakujua. Aligusa uzi mnene kuliko zote, mara moja, akaweka shavu kwenye mbao.

Kabati likanguruma.

"Nimesikia," alisema. "Mume wangu, ndiyo kwanza nasikia."

Alingoja, kama alivyongoja mwenzake jioni ile. Uzi ulipotulia, akaugusa tena.