Nta ya Mjomba

Sirili hakununua nta bila kuitafuna. Aliuma kipande kidogo kama ukucha wa kidole gumba, akakisaga taratibu upande wenye meno, kisha akakitema kiganjani na kukitazama. Nta ya kweli husagika mdomoni wala haing'ang'anii meno. Iliyochanganywa na mshumaa huvutika kama bigijii. Iliyotiwa mafuta ya ng'ombe huacha utando kwenye ulimi. Leo mjini Moshi wanaojua jambo hilo nadhani hatufiki watano, na mimi nililijua kwake.

Alizaliwa Kibosho, juu kabisa, mahali migomba inapoishia na msitu unapoanza. Baba yake alikuwa na mizinga ya magogo aliyoitundika huko msituni, na nta ilikuwa kitu cha kugawiwa jirani akiomba. Kijana Sirili aliposhuka mjini kutafuta kazi, aliajiriwa kwenye gereji ya Mhindi mmoja karibu na stesheni ya reli, na huko akaonyeshwa kazi moja tu, kung'arisha magari. Aliyeyusha nta kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji moto, akalitoa mbali na moto, akatia tapentaini, akakoroga mpaka ikawa laini kama samli. Alipaka kwa fulana kuukuu na kumalizia kwa kiganja kitupu. Aliniambia kitambaa hakijui mahali rangi ilipochoka, ila kiganja kinajua. Wakubwa wa kahawa wa wakati ule walipanga foleni kwake, nami niliwaona kwa macho yangu.

Kisha yakaja yaliyokuja. Kihamba chake, lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, alimwachia kitinda mimba, kama desturi yetu inavyotaka, na kitinda mimba akakiuza. Palipokuwa na kahawa sasa pana nyumba ya wageni yenye vioo vya bluu. Mke alikuwa amekwisha kufa. Sirili akabaki na kazi moja na chumba kimoja, vyote kwa mjane aitwaye Bernadetha, mtaa wa Soweto, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mjane huyu, tunayemwita Mama Gaspari, aliachiwa na marehemu Benzi nyeupe ya zamani, naye huikodisha kwa maharusi. Sirili ndiye aliyeling'arisha gari hilo kwa miaka kumi na tisa. Asubuhi alikuwa akitoka chumbani kwake nyuma ya nyumba na kulizunguka mara moja kabla hajanywa chai. Hakuwa na kingine cha kuzunguka.

Mwaka juzi mkamwana wa Mama Gaspari, Gladness, alirudi kutoka Dar es Salaam na kufungua sehemu ya kuosha magari kwa mashine mtaani hapohapo. Ni mwanamke mchangamfu, mwenye heshima, sina la kumlaumu, na hilo ndilo linaloniudhi. Siku moja mwezi wa kumi aliingia uani na chupa nyeusi, akamwamkia Sirili, akaiweka juu ya boneti.

"Babu Sirili, hii ni ya kiwandani. Ukipaka mara moja, miezi sita hugusi tena."

Sirili aliitazama ile chupa. "Miezi sita gari haliguswi? Sasa litajuaje kama lina mwenyewe?"

Mama Gaspari alicheka mpaka akafuta machozi. Lakini ni mwanamke wa biashara, na kicheko kilipokwisha akasema tutapima. Boneti ligawanywe katikati kwa utepe, kushoto nta ya Sirili, kulia dawa ya Gladness. Baada ya sikukuu angetazama. Upande utakaoshinda ungechukua gari zima.

Hakuna aliyetamka jambo la chumba. Ila wote tulijua kwamba Sirili alipewa chumba kwa sababu ya gari.

Mimi niliishia darasa la nne, na mengine nimejisomea mwenyewe katika vitabu na magazeti ya watu, hivyo nilijua kidogo mambo ya vitu hivi viwili. Nta hukaa juu ya rangi kama siagi juu ya mkate. Huipa rangi ule mng'ao wa ndani, mng'ao wa kitu kilicho hai, ambao chupa haiwezi. Lakini ni laini. Joto huilegeza, sabuni kali huiondoa, na vumbi huipenda. Dawa ya kiwandani huganda na kuishika rangi. Mng'ao wake ni wa kioo, baridi, lakini haubanduki kirahisi. Nilimweleza Sirili haya yote, kwamba huku chini kwenye joto atashindwa, na kule Kibosho kwenye ubaridi huenda akashinda. Alinijibu kwamba gari haliishi Kibosho.

Na kweli alianza kushindwa. Wiki ya tatu upande wake ulikuwa umefifia, akaurudia. Wiki ya sita akaurudia tena. Upande wa Gladness ulimwagiwa maji tu, ukarudi kama jana. Leonce, dereva wa Benzi, ana mdomo mchafu. Kila asubuhi alikuwa akimwambia, "Mzee, upande wako umeshavaa kanzu ya vumbi, unakwenda wapi?" Sirili alizidi kusugua. Alianza kukonda. Nilimkuta mara mbili amekaa juu ya ndoo mbele ya gari, mikono imening'inia, anatazama ule mstari wa katikati kama mtu anayetazama mpaka wa shamba lake ulivyosogezwa.

Siku mbili baada ya Krismasi gari likaenda harusini Kibosho. Vijana wa kule wakaamua kulipamba kizamani. Wakakata migomba miwili michanga, wakaifunga mbele, mmoja kila upande, imeinamia boneti. Ilipendeza, lakini nani kati yao alikumbuka kwamba mgomba uliokatwa unalia? Utomvu ulidondoka kutwa nzima. Gari lilirudi Soweto na boneti lenye madoa ya kahawia pande zote mbili, kama chai iliyokaukia kikombeni. Kila mtoto wa Mchagga anajua doa la mgomba. Likiingia kwenye shati, shati hilo linakuwa la shambani mpaka lichanike.

Sirili alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akaanza upande wake. Nta ililainika, ikatoka, na madoa yakatoka pamoja nayo, kwa sababu utomvu ulikuwa umekaa juu ya nta, haukuifikia rangi. Chini yake paliibuka weupe mtupu. Gladness akasugua upande wake kwa dawa zake tatu. Madoa yalipungua, hayakwisha. Nitasema haki: lingekuwa gari la siku hizi, lenye vanishi juu ya rangi, huenda chupa ingeokoka. Lakini rangi ya Benzi ile ni ya zamani, haina vanishi, hunywa kila kitu.

Mama Gaspari alipitisha kidole kushoto, akapitisha kulia. Gladness mwenyewe akasema, "Babu, umenishinda." Mama Gaspari akamwambia Sirili alipake gari zima kabla ya Jumamosi ya mwisho ya Januari, siku ya harusi ya Doris. Doris ni binti wa shemeji yake, na angetokea nyumba hiyohiyo.

Jioni Sirili alikuja kwangu. Nilimpa hongera, hakuzipokea. Alitoa kopo la maziwa ya unga, akalifungua. Ndani palikuwa na kipande cha nta kama sabuni iliyobakia kuogea mtu mmoja. Ilikuwa nta ya mwisho ya mizinga ya baba yake, aliyokuwa akiikwangua tangu nta ya kweli ya kununua ilipoadimika sokoni. Nusu ya boneti, na kurudiarudia, ndiko kulikoimaliza.

"Mwambie Mama Gaspari," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba nimeshinda kwa kitu ambacho hakipo?"

Alipanda Kibosho kutafuta. Msituni siku hizi huingii bila kibali, na waliokuwa wakitundika mizinga wamekufa au wamekuwa walinzi wa getini. Mzinga mmoja wa baba yake aliuona, ndiyo. Umetundikwa barazani kwenye hoteli ya wapanda mlima, umepigwa vanishi, na watu wanaupiga picha.

Kisha akaenda Mkuu, Rombo, nyumbani kwa mama yake, siku ya soko. Huko alimkuta mtu mwenye nta, mabonge matano juu ya gunia. Mtu wa miaka kama arobaini. Walisalimiana, wakaulizana ukoo kama ilivyo ada, na Sirili alipotaja ukoo wa mama yake, yule mtu akasimama wima. Ulikuwa ukoo wake. Alikuwa amemwamkia shikamoo kwa ajili ya umri, sasa akamwita mpwa kwa ajili ya ukoo, maana kila mwanamume wa ukoo wa mama ni mjomba, hata akiwa mdogo. Akaita watu wa jirani waje wamwone mpwa wao, mzee mwenye mvi. Akamwagizia kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Sirili aliponisimulia hayo sauti yake ilibadilika, maana ilikuwa miaka mingi hajaitwa jina lolote la nyumbani.

Alikuwa ameshika bonge mkononi. Alilipeleka karibu na mdomo, akalirudisha chini. Kwetu mtu hawezi kuuma kitu cha mjomba wake mbele yake na kukitema. Ni kumwita mwizi, na laana ya mjomba haina pa kukimbilia. Akalinusa tu. Lilinukia asali. Akafunga mabonge yote matano kwenye mfuko.

Nilikuwepo alipoyeyusha. Rangi yake ilikuwa nyepesi mno, na ile harufu ya moshi wa mizinga haikuwamo. Nilimwona akiinusa sufuria mara mbili.

"Mjomba hakuoni hapa," nikamwambia. "Tafuna sasa."

Aliendelea kukoroga. "Nikitafuna nikajua," akasema, "Jumamosi nitapaka nini?"

Ningeweza kulimwaga lile kopo. Sikulimwaga.

Gari lilipotoka asubuhi ya harusi lilikuwa zuri kama siku lilipoletwa. Leonce mwenyewe alinyamaza. Lakini Jumamosi ile jua lilikuwa lile la Januari, lisilo na wingu hata kwenye mlima, na gari lilisimama mbele ya kanisa saa mbili nzima bila kivuli. Misa ilipokwisha walikwenda bustanini kupiga picha. Mpiga picha akamwambia Doris akae kwenye boneti, miguu aikunje hivi, shada la maua alishike vile. Akakaa. Walipiga picha nyingi, matarumbeta yakilia.

Aliposimama, mama mmoja nyuma yake alishika mdomo. Gauni lilikuwa na duara la njano iliyochafuka vumbi, kubwa kama sinia, hasa pale ambapo bibi harusi hapaswi kuwa na doa. Mafuta yalikuwa yamepenya mpaka bitana. Walijaribu maji, wakajaribu poda, doa likapanuka. Mwishowe wakamfunga kitenge kiunoni, na hivyo ndivyo alivyoingia ukumbini, gauni jeupe na kitenge cha kijani cha shangazi, akilia huku watu wakipiga vigelegele ili kilio kisisikike. Sirili alikuwa amekuja kulitazama gari lake likipigwa picha. Alivua koti akaanza kufuta boneti, na kila alipofuta lilizidi kushika vumbi. Leonce akamwondoa kwa mkono, taratibu, bila neno la mzaha.

Jumapili baada ya misa Mama Gaspari alimwita uani, nami nikaitwa kama jirani. Nilitegemea makelele, hayakuwepo. Alimuuliza jambo moja tu.

"Sirili, hii nta uliitafuna?"

"Hapana, Mama Gaspari."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa ya mjomba."

Naye ni mwanamke wa Kibosho. Alielewa papo hapo, nikaona usoni kwake jinsi alivyoelewa, na jinsi ambavyo haikusaidia kitu. Mtoto wa watu alikuwa ameolewa amefungwa kitenge. Alisema chumba Sirili akae nacho, hamfukuzi mtu, lakini gari kuanzia sasa ni la Gladness na chupa zake. Sirili alikubali kwa kichwa. Nadhani angependa zaidi afukuzwe.

Jumatatu asubuhi alibisha hodi kwangu, ameshika ile chupa nyeusi, ameivingirisha kwa gazeti kama mtu aliyebeba pombe. Gladness alikuwa amemwambia kwamba kwake hakuna mwenye mikono kama yake, kwa hiyo atakayelipaka Benzi dawa ni yeye, babu, si mwingine. Labda alimwonea huruma, labda alisema kweli. Lakini maandishi ya chupa yalikuwa ya Kizungu, na Sirili alikuwa ameona haya kumwambia kwamba hayajui.

Nilivaa miwani, nikaisogeza chupa dirishani. Nikamtafsiria polepole. Tikisa kabla ya kutumia. Usipake juani. Tumia kitambaa laini kisicho na nyuzi. Nikafika kwenye mstari ulioandikwa kwa herufi nzito, nikasita, naye akaona nimesita.

"Soma."

"Kabla ya kupaka, ondoa kwanza nta yote ya zamani."

 Nje mashine ya Gladness ilikuwa imeanza kunguruma.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Haijasema kwa kitu gani?"

"Sabuni na maji moto."

Akaniomba nimwazime sufuria kubwa.